Maneno Kwenye Kioo

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mama yangu aliugua homa ya uti wa mgongo, na alipopona hakusikia tena. Kabla ya hapo ndiye aliyesoma Biblia mbele ya watu kanisani kwetu Rongo, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. Nyumbani tulimtazama usoni tukatamka polepole, naye akasoma midomo yetu. Midomo ya mhubiri ilikuwa mbali mno. Mwishowe akaacha kwenda.

"Naenda kutazama migongo ya watu," aliniambia. "Hiyo nimeshaiona."

Mimi nilikuwa nachora mabango ya maduka pale sokoni. Ndiyo maana, askofu alipotangaza kwamba atatutembelea, fundi wa video alinijia. Huyu alikuwa kijana wa kanisa letu aliyerekodi harusi. Kanisa lisingetosha, kwa kuwa wageni wangetoka hata Kehancha, kwa hiyo alipanga kuvuta waya kutoka kwenye kamera yake hadi kwenye televisheni chini ya hema, walio nje waone ibada ikiendelea.

"Dada, nataka jina la askofu litokee chini ya picha, kama kwenye taarifa ya habari," alisema. "Mashine ya kuandika maneno juu ya picha iko Kisumu, lakini bei yake hatuiwezi."

Tulijaribu karatasi mbele ya kamera, ikafunika madhabahu yote. Ndipo nikachukua kioo cha dirisha kilichobaki kwenye ujenzi wa nyumba ya mchungaji, nikaandika kwa chaki iliyoloweshwa, upande wa chini, tukakisimamisha mbele ya kamera. Mara ya kwanza maandishi yalionekana kama moshi. Tukakisogeza kioo mbali na kamera, nikaandika herufi kubwa zaidi, tukafungua madirisha yote mwanga uingie. Kioo kikaanza kutuonyesha nyuso zetu wenyewe, basi tukatundika shuka jeusi nyuma ya kamera. Kwenye televisheni, herufi zikasimama wima chini ya msalaba. Fundi alicheka peke yake kwa muda mrefu.

Hapo ndipo nilipomfikiria mama. Nikamwendea mchungaji, nikamwomba niandike na mahubiri pia. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa naye hakupenda.

"Hapa ni kanisani, si sinema," alisema. "Watu watasikiliza au watasoma?"

"Mama yangu hawezi kusikiliza, mzee."

Akamgeukia mchungaji. Alikuwa akimfahamu mama tangu utotoni. Mchungaji akasema niandike, mradi nisisimame mbele ya watu.

Jumapili hiyo nilipiga magoti sakafuni kando ya kioo, chaki mkono mmoja, kitambaa chenye maji mkono wa pili. Mama alikuwa nje kwenye hema, kiti cha mbele kabisa, baada ya kunibishia asubuhi nzima. Askofu alihubiri kwa Kiswahili, si kwa lugha yetu, kwa ajili ya wageni, na alihubiri haraka. Nilichukua neno hapa, neno pale, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Maji ya chaki yalinichuruzika hadi kwenye kiwiko. Sikujua kama kuna anayesoma.

Kisha askofu akasimulia kisa cha mbuzi wake aliyeingia kanisani siku ya ubatizo akanywa maji yote ya ubatizo. Kanisa zima likacheka. Nikaandika: MBUZI AMEKUNYWA MAJI YA UBATIZO. Watu walikuwa wameshanyamaza na askofu amefungua kinywa aendelee, kicheko kikapasuka kule nje, kicheko cha mtu mmoja, kikubwa, kisicho na haya. Nilikuwa sijakisikia tangu mama augue. Askofu akasubiri kiishe. Nikafuta macho kwa kiganja, nikaacha sentensi mbili zinipite.

Baada ya ibada nilimkuta bado ameketi mbele ya televisheni iliyozimwa. Nilidhani atanishukuru.

"Nyathina, mwanangu," alisema, "yule mbuzi baadaye alifanywa nini?"

"Sikuwahi kuandika, Mama. Nilikuwa nalia."

"Basi niambie sasa."

Nikamtazama usoni, nikamwambia polepole kwamba askofu alimfukuza, kisha akachota maji mengine na kubatiza. Akacheka tena. Halafu akasema kwamba neno *ubatizo* nililiandika vibaya mara moja, nikakubali.

Televisheni ilirudishwa kwa mwenyewe, na kamera ikarudi kwenye harusi. Lakini Jumapili iliyofuata mama alivaa mapema kuliko sisi sote. Yule mzee alikuwa ameleta ubao mweusi kutoka shuleni, akauegemeza ukutani karibu na benchi la mbele. Alikuwa ameshika chaki mwenyewe, akaandika mahubiri. Mwandiko wake ulikuwa mbaya sana, na mama akamwambia hivyo, mbele ya watu wote.