Miguu Mitatu ya Eustakia

Mkanda wa kwanza wa sinema aliopiga Eustakia ulipooneshwa kwenye ukuta wa bwalo la misheni, kule Ngara, watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Wanawake walionekana wakivuna maharage, lakini shamba liliyumba kama limelimwa juu ya maji, na nyumba zilipanda na kushuka. Bibi mmoja alijifunika uso kwa khanga akasema tumbo linamchafuka. Kicheko kilipotulia, katekista akasimama.

"Eustakia, kila mtu na kazi yake," alisema. "Rudi kwenye mashuka."

Eustakia alikuwa mjane, umri wake haujafika thelathini. Mumewe, Anatory, alipofariki, ukoo ulimtaka arithiwe na shemeji yake. Alikataa, akafunga vitu vyake kwenye kikapu, akaenda kuomba kazi ya kufua misheni. Huko ndiko padre mmoja mzee, alipokuwa anarudi kwao Ulaya, alikomwachia kamera ndogo ya sinema, ya kujazwa kwa ufunguo kama saa ya mezani, pamoja na mikanda michache. Kwa nini alimpa yeye na si katekista, hakuna aliyejua, na jambo hilo lilimkera katekista kuliko picha zilizotikisika.

"Nitapiga tena," Eustakia alimjibu mbele ya watu wote. "Na mtakaa mtazame."

Kosa alilijua. Lilikuwa mikononi mwake. Akivuta pumzi, kamera inavuta naye. Padre alikuwa na kitu cha miguu mitatu cha kuisimamisha, ila aliondoka nacho. Basi Eustakia akaamua kutafuta cha kwake.

Alianzia mnada wa Kabanga. Sindayigaya, mchuuzi aliyekuwa akivusha redio na miavuli kutoka Burundi, alikuwa na miguu mitatu ya aluminiamu, inang'aa, inavutwa kama eriali ya redio.

"Mali ya Ulaya hii, dada," alisema. "Nyepesi. Unaibeba kwa kidole."

Eustakia aliivuta miguu yote, akaifunga kamera juu, akaweka jicho. Upepo mdogo ulipita ukiinua vumbi la mnadani, na kila alichokiona ndani ya kioo kikatetemeka. Akairudisha miguu mpaka nusu. Ilitulia kidogo, lakini kwa kimo kile angepiga picha za matumbo ya watu tu.

"Sema bei yako," Sindayigaya akamhimiza.

"Sina bei. Siichukui."

"Imekushinda, sema ukweli."

"Bei ningejibana. Wepesi ndio sitaki. Kamera ikianguka sina nyingine."

Wanaume waliosimama pale wakacheka, mmoja akasema mwanamke anachagua chuma kama anachagua nyanya. Eustakia akaifungua kamera yake kutoka juu ya miguu ile, bila haraka yoyote, akaondoka. Sasa alijua anataka nini: miguu mizito isiyojali upepo, kimo cha kufika kifuani, na parafujo ya kuingia kwenye tundu la chini ya kamera. Vitu vya namna hiyo viliuzwa madukani Bukoba, kwa bei ambayo asingeifikia hata angefua mashuka ya dayosisi nzima.

Aliyemfungulia njia ni Laurian, dereva wa lori la misheni.

"Kule Kaniha kuna mama anawekea mtungi juu ya miguu ya wapimaji," alimwambia. "Walipokuja kupima viwanja vya kijiji kipya, wakati ule wa kuhamishwa, waliiacha. Mguu mmoja ulikuwa umepasuka."

"Nipeleke."

"Mpaka Biharamulo, kwa ajili ya kigoda cha mtungi?"

"Si unakwenda kuchukua mahindi? Nipeleke, Laurian."

Ilikuwa mwisho wa mwaka 1978. Majeshi ya Uganda yalikuwa yamevuka mpaka, redio haizimwi, na kila kijiji kilikuwa kinatoa vijana wa mgambo. Njiani walipishana na malori yaliyojaa wanaume wakiimba.

Mama mwenye mtungi aliitwa Kwandu. Yeye na mumewe Bulugu walitoka Shinyanga na ng'ombe wao, wakapangiwa nyumba katika safu ya kijiji. Eustakia alimpigia goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Kabla hata ya kukaa, macho ya Eustakia yalikuwa uani. Miguu ilikuwa ya mbao ngumu, yenye ncha za chuma zilizozama ardhini, na ule uliopasuka ulikuwa umefungwa kwa ngozi mbichi ya ng'ombe iliyokaukia pale pale ikawa ngumu kama chuma. Juu yake ulikaa mtungi uliojaa. Akausukuma kwa bega. Maji hayakumwagika.

Alipoeleza anachokitaka, Bulugu aliguna, akasema kamera ni mambo ya serikali. Kwandu aliitazama kamera.

"Hiyo picha yako," aliuliza, "mtu anaonekana akitembea?"

"Anatembea, mama. Anacheka, anageuka."

"Sitaki pesa yako. Mwanangu Ndassa anaondoka kesho na mgambo. Mpige akitembea, kisha chukua miguu hiyo."

Ndassa alikuwa fundi baiskeli. Alicheka kusikia ameuzwa kwa kigoda, kisha akaleta kopo lake la nati na parafujo. Walijaribu moja baada ya nyingine mpaka ikapatikana iliyoshika. Akaipenyeza kwenye kipande cha ubao, na ubao akaubana kwa nyaya juu ya miguu.

"Imeshika," alisema, "lakini haigeuki. Utatufuata vipi?"

"Sitawafuata. Itasimama pale pale, nyie ndio mtapita mbele yake."

Kesho yake asubuhi Eustakia akaisimika miguu mitatu pembeni mwa uwanja wa shule, walikokusanyika vijana. Hakuwa amemaliza kujaza ufunguo, Ndugu Shibuda, katibu kata, alipomfikia, jasho linamtoka.

"Ndugu, hicho nini? Tuko vitani. Kwa mbali nimedhani mzinga."

"Ni kamera, Ndugu Katibu."

"Nani kakuruhusu? Ng'oa."

Mkono wa Eustakia haukutoka kwenye kamera. "Sing'oi," alisema. "Vijana wa watu wanaondoka mbele ya macho ya kila mtu. Sipigi siri ya yeyote."

"Nitakuweka ndani."

"Niweke wakishapita."

Shibuda aliushika mguu mmoja, akavuta. Ncha ilikuwa imezama, haikutoka. Hapo Kwandu akaja, akaketi chini akiukumbatia mguu mwingine. Mwanamke wa nyumba ya pili naye akaketi. Wakafuata wengine ambao Eustakia hakuwajua hata kwa sura, wote wana watoto kwenye mstari ule. Hawakupiga kelele. Walikaa tu, migongo yao imeizunguka mbao.

"Mwanangu nimekupa," Kwandu alimwambia katibu. "Kivuli chake utaniachia."

Filimbi ikalia na mstari ukaanza kutembea. Shibuda akauachia mguu, kwa kuwa vijana wote walikuwa wanamtazama. Eustakia akabonyeza. Wakapita mmoja mmoja mbele ya kioo, miguu peku na viatu vya matairi, wengine wakitabasamu, wengine wakikaza uso. Ndassa alipofika katikati alipunguza mwendo, akageuka, akamtazama mama yake aliyekuwa amekaa chini, akainua mkono.

Ndani hakuwekwa. Alirudi Ngara juu ya magunia ya mahindi, miguu mitatu imelala kando yake.

Mkanda ulikwenda Ulaya kusafishwa na ukachukua muda mrefu kurudi. Ulipofika, vita ilikuwa imekwisha na vijana wa Kaniha walikuwa wanarejea. Ndassa hakuwamo. Eustakia alizisikia habari hizo kwa Laurian, akaketi juu ya rundo la mashuka asiweze kufua. Kisha akaenda kuomba projekta, mashine ya kuoneshea mkanda, aipeleke Kaniha. Katekista alisema haitoki misheni. Akampita, akaenda kwa paroko mwenyewe, akarudi nayo.

Walitundika shuka ndani ya darasa la Kaniha, wakaziba madirisha kwa magunia, jenereta ya misheni ikinguruma nje. Picha ilisimama imara kama ukuta, na ndani yake watu walipita. Waliorudi waliitana majina. Kisha Ndassa akaja, akapunguza mwendo, akageuka.

Kwandu hakulia wakati ule.

"Rudisha," alisema.

Eustakia alirudisha. Akarudisha tena, kila alipoombwa, mpaka Bulugu akamshika mkewe bega.

Watu walipoanza kutoka, Shibuda alikuja mbele, ameshika kofia mkononi. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Kazi nzuri, ndugu. Sasa mkanda huu ni kumbukumbu ya vita. Utakaa ofisi ya kata."

Eustakia aliutoa mkanda kwenye projekta, akaufunga ndani ya kopo lake la bati, akampa Kwandu, naye akausokomeza kifuani ndani ya khanga.

"Unakaa kwa mama yake," Eustakia alisema. "Ukitaka kuutazama, Ndugu Katibu, utampigia hodi."