Matanga ya Mtu Aliye Hai

Kaka yangu alifungwa Korogwe kwa makosa mawili, kuvunja duka na kumjeruhi mlinzi, na hakimu akaamuru vifungo vifuatane: akimaliza cha kwanza ndipo aanze cha pili. Nikarudi na mama. Tulipofika kwetu Kwamsisi, mama akawaambia majirani kwamba mwanawe amefia Msumbiji machimboni, na wamemzika huko huko.

Nilichemka. "Mama! Unamfanyia mtu hai matanga?"

"Vifungo hivyo vikifuatana, akitoka mimi niko udongoni," akanijibu. "Bora wanipe pole sasa kuliko wanicheke."

Basi watu wakaja, dua ikasomwa, wali ukaliwa. Mama hakudondosha chozi. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa hasira.

Kaka akakata rufaa, ikachukua miaka. Mama sikumwambia, maana jina la kaka lilikuwa halitajwi tena nyumbani. Siku ya hukumu nilikwenda Tanga peke yangu. Jaji alifuta kosa la kuvunja duka, la mlinzi likabaki, nami nikajiuliza: kifungo cha pili kilikuwa hakijaanza, je, kinaanza leo? Jaji akasema cha kwanza kikishafutwa, cha pili hakina cha kukisubiri. Kihesabiwe tangu siku aliyoingia gerezani. Kwa hesabu hiyo alikuwa amekwisha kukimaliza. Jamani, kumbe tulikuwa na mtu huru ndani!

Nilikwenda kumpokea. Tulipofika Segera nikamnunulia machungwa, nikajikaza nikamwambia, "Kaka, kule nyumbani wewe ni marehemu."

Akaacha kumenya. Kisha akacheka. "Basi nitaingia polepole, nisiwashtue."

Tuliingia kijijini baada ya alasiri. Jirani yetu aliyelia kuliko wote siku ya matanga alikuwa anatoka kisimani. Kaka akamwamkia. Yule mama akatua ndoo, akasema, "Inna lillahi," akakimbia. Milango ikaanza kufungwa mbele yetu. Watoto wakaitwa ndani. Ilikuwa saa ya kutwanga, lakini hapakusikika hata mchi mmoja. Nywele zilinisimama, mimi niliyekuwa nimemshika mkono.

Mama alikuwa nje, anachambua choroko kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

Hakuinua macho. Nilijua anachopima. Akiitikia, ni mwongo mbele ya kijiji kizima. Asipoitikia, mwanawe anabaki amekufa. Nilitamani kuupiga teke ule ungo.

"Shikamoo, mama."

Mama akaendelea kuchambua. Kaka akachuchumaa, akaweka mikono kichwani, akainamisha uso, kama wanavyokaa wafungwa wakihesabiwa. Sidhani kama alijua anachofanya. Mama akamtazama. Akanyoosha mkono taratibu, kwa woga, akamgusa shingoni.

"Ana joto," akaniambia mimi, kwa sauti ndogo. "Mwanangu ana joto!"

Halafu akapiga yowe. Loo! Lile yowe la msiba ambalo siku ya matanga hakulitoa, sasa lilitoka lote, akimkumbatia, na kijiji kizima kikasikia.

Na kwetu yowe la namna ile haliachwi bila watu. Milango ikafunguka. Wakaja wanawake wamejifunga kanga viunoni, wengine na kuni kichwani, wakiuliza nani amekufa.

Kaka akainuka, akaingia ndani, akatoa mkeka, akawatandikia.