Pinki Mbili na Pipa Moja la Maji

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu Kalondu, nilipoamka nikatazama ukuta wa chumba changu na kusema moyoni, hii siyo rangi niliyotaka. Ukuta ulikuwa wa pinki iliyopauka. Niliyotaka mimi pia ilikuwa pinki iliyopauka. Ukinicheka sitakulaumu, lakini kwanza weka chini hizo kadi mbili za rangi ulizozishika tangu Jumapili, unisikilize.

Nilikuwa na miezi miwili tu hapa Kathonzweni tangu niolewe. Baba yako alikuwa kibarua huko Kiboko, akirudi mwisho wa mwezi. Alikuwa ametujengea nyumba yetu ya kwanza ya matofali, na akina mama wa kanisa walikuwa waje Jumamosi kuiombea. Siku hizo rangi ya mkebe ilikuwa ya watu wa mjini. Sisi tulichekecha udongo mwekundu kwa kitambaa, tukaukoroga na chokaa na maji. Ukizidisha konzi moja ya udongo, unapata pinki nyingine.

Alhamisi nilienda sokoni kununua majani ya chai. Niliporudi, mama mkwe wangu alikuwa amekipaka chumba chote, mara mbili, na goti lake bovu lile. Alitaka kunifurahisha. Nilisema, "Asante, mwaitu," kwa maana ndivyo tunavyomwita mama kwetu, lakini roho ilikuwa imekataa. Nilikulia Mutomo, na mke wa mchungaji wetu alikuwa na sebule ya pinki iliyonikaa akilini tangu utoto. Ya mama mkwe niliiona imezidi weupe. Kidogo tu, lakini nikiwa kitandani hicho kidogo kilinikosesha raha.

Basi Ijumaa, alipotoka na mbuzi, nikakoroga yangu. Nikaongeza udongo, nikajaribu pembeni, nikaosha, nikaongeza tena. Nikapaka kuta zote kwa burashi ya katani, isipokuwa nyuma ya kabati, kwa sababu lilikuwa zito. Ilipokuwa mbichi ilifanana kabisa na ya mke wa mchungaji, na nilifurahi sana, sitaficha. Halafu nikaenda kunawa mikono nikakuta pipa halina kitu.

Wewe umekulia na bomba la maji, kwa hivyo nikueleze lile pipa. Mvua ilikuwa imekataa misimu miwili. Mto ulikuwa mchanga mtupu. Mtu alichimba shimo, akangoja maji yajikusanye, akayachota kwa kibuyu, kidogo kidogo, na foleni nyuma yake. Mama mkwe alikuwa ameenda na punda mara tatu kulijaza. Yalikuwa maji ya chai ya wageni, ya mbuzi, na yetu hadi Jumatatu. Na nilijua, mwanangu. Nilijua nikichota kila karai, nikajiambia nitaenda kuteka mengine kesho.

Alirudi saa kumi. Akaangalia pipa, akaangalia mikono yangu.

"Ndunge, maji yako wapi?"

"Nimerudia ukuta, mwaitu."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alifunga madebe kwenye punda, na nilipomfuata nikiomba niende mimi, akasema, "Wewe baki. Ukuta wako haujakauka." Akaenda na goti lake.

Alilala huko kwenye foleni. Alirudi Jumamosi asubuhi, amemshikilia punda kwa mkono mmoja ili yeye asianguke, na madebe mawili tu. Aliketi mlangoni pangu akanyoosha mguu, na goti lilikuwa limefura hadi nguo haikupita. Akaangalia ukuta, ambao sasa ulikuwa umekauka.

"Sogeza kabati," akasema. "Nionyeshe mahali yangu imeishia na yako imeanzia."

Nilisukuma kabati. Nikatafuta mpaka wa zile rangi mbili. Nikapapasa ukuta kwa vidole, nikasogea dirishani, nikarudi. Sikuuona. Chokaa ikikauka hupauka, hata mtoto wa huku anajua, na mimi nililijua hilo kabla sijaolewa. Nilisimama pale uso ukutani nikaanza kulia, kwa sababu sikuweza kugeuka nikaliangalia lile goti.

Akina mama walikuja, wakaomba, wakanywa chai nusu kikombe kila mmoja. Mmoja akasifu ukuta, akauliza ni nani aliyeupaka. Mama mkwe wangu akajibu, "Tumeupaka sisi wawili, mimi na mke wa mwanangu." Akaninyooshea kikombe nimwongezee, na hakukuwa na chai iliyobaki, naye alijua.

Goti lile halikupona. Alitembea na fimbo hadi tulipomzika, na maji niliteka mimi miaka hiyo yote. Hakuwahi kulitaja jambo lile. Mimi ndiye ninayelitaja, tena wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Sasa, mumeo Mutua umemtuma mjini Wote mara mbili kubadilisha mkebe wa rangi. Jana nilimwona akishuka kwenye baiskeli jua la saa saba, shati limemganda mgongoni, nawe ukamwambia hii imezidi wekundu kidogo. Usiku sikulala vizuri. Rangi uliyo nayo ndani ni nzuri. Ipake leo. Na siku zote, kabla ya kusema kazi ya mtu irudiwe, uliza kwanza ni nani atakayetembea. Ikiwa ni wewe, tembea. Ikiwa ni mwingine, iangalie tena ile kazi, na uingoje ikauke.

Jina ulilo nalo ni la yule mama mkwe wangu. Mungu akujalie moyo wake, akuachie magoti yako mazima, na chumba hicho, pinki yoyote itakayokuwa, akijaze watoto wa kukichafua. Haya, nenda kamwambie Mutua asiende.