Ushahidi wa Korosho

Kila Alhamisi muuguzi wa afya ya akili humkuta Mwanakombo uani kwake Chuno akibangua korosho. Akishauliza habari za vidonge, huvuta kigoda, hujipaka majivu vidoleni asiunguzwe na mafuta ya maganda, wakabangua huku wakizungumza. Muuguzi ana vidole vinene na sauti ya kubembelezea watoto. Ipo sauti nyingine anayoisikia Mwanakombo peke yake; muuguzi haikemei, humuuliza tu Mwanakombo, “Imesemaje? Ushahidi uko wapi?” Mwaka jana ilisema muuguzi ni mchawi, Mwanakombo akamtimua kwa mchi, wiki iliyofuata akarudi, akavuta kigoda kilekile. Leo Mwanakombo anacheka hadi ushungi unamvuka.

“Inasema unaniharibia korosho, dokta.”

“Ushahidi?”

Akamsogezea bakuli alilolijaza muuguzi mwenyewe: vipande vitupu, hakuna nzima hata moja. Muuguzi akachungulia, akajikuna kisogo kwa majivu yaleyale.

“Basi leo,” akasema, “tuisikilize.”