Ardith Hashuki Kilimani

Dada yangu Ardith Stallcup ana miaka sabini, goti moja la chuma, na ulimi ambao hata mchungaji wetu anauogopa. Aliendesha basi la shule hapa Ponder Springs, Oklahoma, kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna mtoto aliyethubutu kusimama basi likiwa linatembea. Kila Jumamosi ya msimu wa softiboli, ule mpira wa kurusha na kupiga kwa gongo, yuko Kilimani, nyuma ya uzio wa kushoto, ana daftari la mabao na penseli. Mimi, Nedra, mdogo wake, huwa kando yake nimebeba mbegu za alizeti, na huwa nasemwa kwamba nimezibeba vibaya.

Kilima chenyewe si kirefu. Ni tuta la udongo mwekundu lililoota nyasi, na ukikaa juu yake unauona uwanja wote wa timu ya wasichana wa chuo chetu, ambao tunawaita Nyigu. Tuna desturi yetu pale. Alhamisi jioni unapeleka kiti chako cha kukunja, umekiandika jina mgongoni kwa wino mweusi, unakiacha, unakwenda zako nyumbani. Jumamosi unakikuta ulipokiacha. Upepo wa huku unaweza kung'oa paa la kanisa, lakini hakuna mkono wa binadamu unaogusa kiti cha mwenzake. Nimemwona mwanamume aliyetoka kutalikiana na mkewe kwa matusi ya mahakamani akizunguka kiti cha yule mwanamke asikisogeze hata kidogo.

Sasa niwaeleze kwa nini Jumamosi ile ya Mei mwaka jana ilikuwa ya Ardith. Mwaka 1974 chuo hakikuwa na uwanja wa wasichana. Ardith na wenzake kumi na mmoja waliomba mpaka wakachosha watu, ndipo wakaambiwa wachukue kipande cha shamba nyuma ya ghala, chenye mashimo na vichuguu, wakisawazishe wenyewe. Wakakisawazisha kwa sepetu na toroli, Januari mpaka Machi, mikono imejaa malengelenge. Udongo walioutoa wakaurundika upande wa kushoto, na hicho ndicho Kilima. Mwaka uliofuata walishinda mechi tisa mfululizo. Kisha, katikati ya msimu, wavulana wa futiboli ya Kimarekani wakahitaji mahali pa kufanyia mazoezi, na wasichana wakaombwa wapishe kidogo tu. Mechi zao za mwisho walizichezea kwenye uwanja wa rodeo, wa michezo ya kupanda ng'ombe wakali, mpira ukitua kwenye mavi ya ng'ombe. Mwisho wa mwaka wavulana walivishwa makoti ya heshima ya chuo yenye herufi kubwa kifuani. Wasichana walipewa asante, tena ya mdomo.

Baada ya miaka hamsini ofisi ya michezo ikawakumbuka. Barua ilisema kwamba kabla ya mechi ya mwisho ya nyumbani, majina ya timu ya 1975 yatasomwa kwenye kipaza sauti na kila mmoja atavishwa koti lake. Kati ya kumi na wawili walikuwa wamebaki hai watano. Ardith aliisoma ile barua amesimama jikoni, akaisoma tena amekaa, kisha akaibandika kwenye friji juu ya picha ya mjukuu wangu. Wiki tatu nzima alijifanya hajali. Siku moja niliingia bila kubisha hodi nikamkuta mbele ya kioo, amenyoosha mabega, anajifunza kusimama bila kuegemea kitu. Alilitaka koti lile. Hakuniambia, lakini mimi namjua.

Tulifika uwanjani saa tano asubuhi. Kilimani palikuwa na mahema meupe sita. Chini yake kulikuwa na viti vya ngozi, meza zenye vitambaa, na ndoo za barafu. Viti vyetu havikuwepo. Tulivikuta nyuma ya vyoo, vimerundikwa kando ya mapipa ya taka, na watu wa Kilimani, kama arobaini hivi, wamesimama wakivitazama bila kujua la kufanya. Cha Ardith kilikuwa chini kabisa, mguu mmoja umepinda.

Akatokea kijana wa ofisi ya michezo, Preston Vail, shati limepigwa pasi, redio ya upepo kiunoni. Alikuwa amehamia kwetu kutoka jimbo jingine baada ya Krismasi.

"Nani kavigusa viti?" Ardith akauliza. Aliuliza taratibu. Nilipomsikia anauliza taratibu, nikaweka mfuko wangu chini.

"Mama, vilikuwa vimetelekezwa," Preston akasema. "Vimekaa siku mbili bila mwenyewe. Nikajua ni takataka."

"Vina majina."

"Kilima sasa ni eneo la wafadhili, mama. Nilituma barua pepe kwa kila mtu."

"Ulimtumia nani? Kiti?"

Watu wakacheka. Preston naye akajaribu kucheka, kicheko kikamkwama. Ardith akavuta kiti chake kutoka chini ya rundo, akakibana kwapani, akaanza kupanda Kilima hatua kwa hatua, ule mguu wa goti la chuma ukitangulia. Akafika mahali pake pa siku zote, katikati ya mahema mawili, akakikunjua. Mguu uliopinda akauingizia jiwe. Akakaa, akafungua daftari.

Preston akamfuata mbio. "Bi. Stallcup, lakini wewe unahitajika kule chini saa sita na nusu! Wenzako wameshaanza kufika."

"Rudisha viti vya watu, nitashuka."

"Siwezi. Si uamuzi wangu."

"Basi na kushuka si uamuzi wako."

"Mama, nakwambia kwa heshima. Asiyekuwepo uwanjani jina lake likiitwa, hapewi koti. Ndivyo walivyopanga."

Ardith akasema, "Wakalivae wao."

Preston akamwita polisi wa chuo. Akaja Dwight, mwanamume mnene wa miaka arobaini, akapanda nusu ya Kilima, akamwona aliyeitiwa, akavua kofia.

"Shikamoo, Bi. Ardith."

"Marahaba, Dwight. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu." Kisha akamgeukia Preston. "Huyu siwezi kumtoa. Nilipokuwa darasa la sita nilirusha machungwa ndani ya basi lake, akanishusha, nikatembea maili mbili kwa miguu. Mpaka leo nikisikia honi nakaa chini." Akashuka zake.

Nilikuwa na hasira, na sitaficha kwamba nilimkasirikia dada yangu zaidi ya yule kijana. Nilichuchumaa kando yake. "Ardith, acha ukaidi. Ni viti vya dukani hivi! Nenda ukachukue koti lako, ukirudi tutagombana nao."

"Ndivyo nilivyosema ile siku."

"Siku gani?"

"Ile waliyotuambia tupishe kidogo. Nilikuwa nahodha, Nedra. Juanelle alitaka tukae chini katikati ya uwanja tugome. Mimi nikasema tuwe na adabu, tukubali kwanza, tutadai baadaye." Akatema ganda la alizeti. "Udongo huu nimeubeba kwa toroli mwenyewe. Safari hii siwi na adabu."

Sikujua. Miaka yote ile nilidhani aliyewaambia wakubali alikuwa mwalimu wao. Nikakaa kwenye nyasi kando yake.

Saa sita na nusu ikafika. Uwanja umejaa, pamoja na mashabiki wa wageni wetu kutoka Texas, waliokuja na kelele zao kama kawaida. Meza ilikuwa imewekwa pale anaposimama mrushaji, na makoti matano yamekunjwa juu yake, bluu na mikono ya manjano. Wanawake wanne wakatoka wamepanga mstari. Mtangazaji akaanza kusoma. Juanelle Tiger, mrushaji. Watu wakapiga makofi, naye akavishwa koti lake, fimbo mkononi. Akasomwa wa pili, wa tatu, wa nne.

"Na nahodha wa timu ya 1975, Ardith Stallcup!"

Makofi yakaanza kisha yakafifia, maana hakuna aliyejitokeza. Mtangazaji akaliita jina tena. Watu wakaanza kugeuza shingo. Mmoja akanyoosha kidole Kilimani, kisha kumi, kisha uwanja wote ukawa unatazama huku, mahema meupe sita na katikati yake kikongwe kwenye kiti kibovu. Ardith akasimama. Akavua kofia yake, akaishika kifuani, hakusogea. Nilitaka kulia na nilitaka kumzaba kofi.

Wale wanne wakanong'onezana pale chini. Kisha Juanelle Tiger akachukua koti la tano mezani na kuanza kutembea. Hakuelekea kwenye mlango wa wachezaji. Alikuja moja kwa moja kwetu, akikatiza nyasi za uwanja, fimbo ikichoma majani, na wenzake watatu nyuma yake. Mtangazaji akawasihi warudi ili mechi ianze. Mwamuzi akakunja mikono akasubiri. Walichukua dakika nne nzima. Nani atawafukuza bibi wanne wenye magoti mabovu siku yao ya heshima?

Juanelle akafika chini ya uzio, akatazama juu, anahema.

"Ardith! Unashuka, au?"

"Sishuki!"

"Wamefanya nini?"

"Wametupa viti vya watu kwenye mapipa! Wanasema tupishe kidogo!"

Juanelle akageuka akayatazama yale mahema. Akageuka tena. "Miaka hamsini nimengoja ukatae kitu, mwanamke wewe," akasema. "Sasa shika koti lako."

Akampa mwenzake fimbo. Akalisokota lile koti likawa donge, akaurudisha mkono nyuma, akauzungusha wote duara moja kamili, ule mkono ulioshinda mechi tisa mfululizo, akaliachia kutoka usawa wa paja. Upepo ukalipiga. Koti likagonga uzio likaanguka upande wa Juanelle.

"Mpira mbaya!" Mtexas mmoja akapaza sauti, kana kwamba anahesabu mirusho. Uwanja ukaangua kicheko.

"Wewe! Mama yako anajua uko huku?" Ardith akamjibu. Hilo ndilo tusi lake la siku zote, na hajawahi kuhitaji jingine.

Juanelle akaliokota, akalisokota upya, safari hii akalifunga mikono yake kwa fundo. Akazungusha tena. Koti likapaa juu ya uzio, likachukuliwa na upepo kwenda kushoto, na dada yangu, mwenye miaka sabini na goti la chuma, akapiga hatua mbili za ubavu kama enzi zake, akainama, akalidaka kwa mkono mmoja kabla halijagusa udongo.

Pale anaposimama mpigaji, mwamuzi akanyanyua ngumi ya kulia: mrusho halali. Uwanja mzima ukasimama, Texas pamoja nao. Na watu wa Kilimani, bila kuambiana neno, wakateremka kwenye mapipa, wakarudi na viti vyao, wakavipanga katikati ya mahema, mbele ya mahema, na kimoja ndani ya hema. Mfadhili mmoja muuza matrekta akasogeza meza yake akaniomba mbegu za alizeti. Preston alikuwa anaongea na redio yake, na redio haikumjibu.

Tulifungwa nne kwa tatu. Ardith aliandika kila kitu kwenye daftari, amevaa koti zito kwenye joto lile, jasho linamtiririka, na nilipomwambia alivue akaniambia nifunge mdomo.

Mwezi Juni ikaja barua nyingine. Viti havitaruhusiwa kuachwa Kilimani, kitakachokutwa kitatupwa, na Bi. Stallcup anakumbushwa kwa jina. Aliisoma mara moja tu, akaibandika kwenye friji juu ya ile ya kwanza.

Mwaka huu msimu ulifunguliwa Februari. Alhamisi jioni, upepo unakata masikio, nilimpeleka kwa gari na kiti chake kipya nyuma. Tulikuta viti thelathini na nane vimeshatangulia. Akakikunjua chake mahali pake, akaandika jina mgongoni kwa herufi kubwa kuliko za zamani. Kisha akavua koti, akalivika mgongo wa kiti, akalifunga vifungo vyote mpaka juu.

"Ardith, una wazimu?" nikasema. "Miaka hamsini umelingoja hilo! Utaliacha hapa mpaka Jumamosi? Watalitupa pamoja na kiti!"

Alikuwa ameshaanza kuteremka, kwa blauzi tu kwenye baridi ile, mguu wa goti la chuma ukitangulia. Hakugeuka.

"Waliguse," alisema.