Kidole cha Kaka na Jua la Ndungu

Kazi yangu ni kufua mashuka. Gesti ninayofanyia kazi hapa Same ina vyumba kumi na viwili, na barabara kuu ikileta wageni wa kutosha, mashuka yote hayo yananijia mimi, nayafua kwa mikono. Mashine ipo, ila ni mbovu, na mama mwenye gesti anasema fundi anakuja. Fundi anakuja tangu mwaka juzi. Watu wakiniuliza naweza vipi, nawaonyesha simu niliyoifunga kwenye kanga kiunoni na waya unaopanda mpaka sikio la kushoto. La kulia naliacha wazi nisikie nikiitwa. Bila muziki ningekuwa nimeshaacha kazi hii, au nimeshamtukana mtu.

Nyimbo naingiziwa kwenye kibanda kimoja pale stendi. Mwenye kibanda ananijua na nadhani ananichoka, maana mimi sichukui kitu kabla sijakisikiliza. Siku moja aliniambia, "Mama, leo nakuwekea singeli." Nikamwambia, "Singeli na mgongo huu? Unataka kuniua?" Akaweka hivyo hivyo. Kesho yake nikajikuta nimemaliza ndoo tatu kabla ya chai, mikono inakimbizana yenyewe. Sikumwambia. Ningemwambia angenisimanga mpaka leo.

Pale pale kibandani nilikutana na mfugaji mmoja wa Kimaasai aliyekuwa anahamisha nyimbo zake kwenye simu mpya. Zilikuwa sauti za wanawake watupu, hakuna ngoma wala gitaa, mmoja anatangulia na wengine wanamjibu kwa chini. Nilisimama na mfuko wangu wa nyanya nikasahau nilikokuwa naenda. Nikamuuliza wanaimba nini. "Ng'ombe," akasema. Na huu mwingine? "Ng'ombe." Zote? "Zote." Nikaomba aniachie na mimi. Sielewi hata neno moja, na nimezisikiliza kuliko nyimbo nyingi ninazozielewa.

Matamasha nayo nimeyahudhuria, tena mengi. Lililonikaa zaidi ni la bendi moja iliyokuja kupiga uwanja wa mpira, siku upepo wa Same umeamka vibaya. Vumbi lilikuwa linaingia mpaka kwenye meno. Turubai likang'oka, umeme ukakata, mwimbaji akajifunga taulo mdomoni. Tukajua basi, wanafunga vyombo. Mpiga ngoma akakataa kusimama. Akaendelea kupiga peke yake na sisi tukaimba wimbo mzima bila wao, watu wazima tumefumba macho kwa sababu ya vumbi. Wakati ule nilikuwa naweza kusimama hata saa tano nzima. Sasa nikienda naenda na kigoda changu, miguu inavimba, na vijana wananicheka. Wacheke tu.

Lakini muziki wenyewe niliujulia nyumbani, kwa kaka yangu mkubwa. Ujanani alikuwa anapiga gitaa kwenye bendi ya hapa mjini, na alitunga wimbo mmoja usio na maneno. Ulianza chini chini, kama mtu anayetembea pekupeku asiamshe watoto, halafu ukawa unapanda, na ukifika juu kulikuwa na mahali kidole kinavuta waya mpaka unajihisi unavutwa wewe. Mama yetu alikuwa akiusikia anaacha mwiko. Kaka aliurekodi mara moja, kwenye kanda, na kanda ikaliwa na redio. Baadaye akaoa mlimani, kijiji cha Mamba, akawa Msabato kama wakwe zake, akaacha dansi, akalima tangawizi. Gitaa hakuliacha. Anapigia kwaya. Ule wimbo wake sikuwa nimeusikia miaka na miaka, na simu yangu yote hii iliyojaa hadi inakataa picha, huo haumo.

Kaka ana kisukari. Msimu uliopita alijikata na jembe kidole cha pete, mkono wa kushoto, ule unaobana nyuzi. Kidonda hakikupona. Kikawa cheusi kuanzia kwenye ncha. Akanipigia simu siku ya Jumatano, nipo kwenye kamba naanika.

"Mdogo wangu," akasema, "hospitali wamesema kidole kinaondoka Jumanne. Njoo nikupigie ule wimbo wangu kabla hakijaenda."

Alivyosema utadhani kidole kinasafiri. Nilicheka, halafu nikalia mbele ya wageni wawili waliokuwa wanasubiri taulo.

Mama mwenye gesti nilipomwomba ruhusa aliniuliza, "Kwani kaka yako amefariki?" Nikamwambia hajafariki, anapiga gitaa. Mwisho akanipa Jumamosi na Jumapili, ila Ijumaa nimalize mashuka yote ndipo niondoke.

Nikayamaliza. Niliamka kabla ya jogoo, nikafua mpaka kiuno kikawa hakinyooki, nikapanda basi la mchana, bondeni nikachukua bodaboda ya kupanda mlima. Njia ile ni mawe na kona, nikawa najisemea moyoni kwamba nikifika nitalala hata kwenye majani ya ng'ombe. Tulipoingia kijijini jua lilikuwa limeshapita nyuma ya mlima na kivuli kimefunika nyumba zote. Kaka alikuwa amekaa nje kwenye stuli, gitaa mapajani, nyuzi ameshazilinganisha.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Kaa hapa." Akagusa uzi wa kwanza.

Mimi nimelelewa Kilutheri, lakini najua adabu. Ijumaa jua likizama Sabato inaingia, na wimbo wa dansi siyo wa Sabato. Nikamshika mkono. "Weka gitaa chini, kaka," nikasema. "Sabato imeshaingia. Sitaki kukutia dhambini kwa ajili yangu. Kesho jua likizama utanipigia."

Kaka alinitazama, akatazama bondeni, akanitazama tena. "Sawa," akasema. Akalisimamisha gitaa ukutani. Nilikula makande, nikalala fofofo. Nilijiona dada mwenye busara.

Kesho yake tulikwenda kanisani, na mchana kwaya ikafanya ibada ya nyimbo kwa ajili yake. Nasema kweli, katika vyote nilivyowahi kuhudhuria, mchana ule haukuwa na mwenzake. Hakukuwa na spika kubwa wala mtu wa kurukaruka. Watu kama thelathini, wengi wana udongo wa tangawizi kwenye kucha, na sauti nne zilizokaa kila moja mahali pake. Kulikuwa na mama mmoja mfupi wa sauti ya pili aliyekuwa anaimba huku amekunja uso kama anadai haki yake, na sauti ilikuwa nzito, safi, mpaka mikono yangu ikasisimka. Na chini yao wote gitaa la kaka linawabeba.

Nilikuwa nafurahi na nilikuwa na hasira. Kila wimbo uliokwisha walitaka mwingine, na kaka hakatai. Nilikuwa natazama kile kidole chenye kitambaa kinabana, kinaachia, kinabana. Moyoni nasema, jamani, mnibakishie. Nilikuwa na wivu, nakiri. Walikuwa naye kila wiki, mimi nilitaka wimbo mmoja.

Walipomaliza tukaenda uani kwa kaka, baadhi ya wanakwaya na mzee wa kanisa. Jua likaingia nyuma ya mlima. Baridi ya kule haibishi hodi, na ukungu ukaanza kuteremka. Nikasimama. "Haya kaka, jua limezama. Piga."

Mzee wa kanisa akatabasamu. "Bado, mama," akasema. "Jua letu hatulitazami hapa. Tunalitazamia kule." Akanyoosha mkono chini. Kule mbali mashamba ya mpunga ya Ndungu yalikuwa bado ya njano, mwanga umejaa, hata mabati yanang'aa. "Mlima huu unatuficha jua mapema," akaendelea. "Tukifuata kivuli chake tutakuwa tunaifunga Sabato mapema kuliko wenzetu wa bondeni. Tunangoja mpaka kule nako kuzime. Ndivyo tulivyokuta wazazi wanafanya."

Nikamuuliza, na nilikuwa nimeshaanza kuogopa jibu, "Na Ijumaa je, inapoingia?"

"Ijumaa vile vile. Kazi mpaka kule kuzime. Jana bodaboda yako inapita hapa mimi nilikuwa bado naosha tangawizi."

Nilikaa chini. Hakuna aliyejua kwa nini, isipokuwa kaka, na yeye alikuwa anatazama viatu vyake. Tukangoja. Ilikuwa zaidi ya nusu saa. Njano ya Ndungu ikawa nyekundu, ikawa kijivu, na muda wote huo kaka ameubana mkono wa kushoto kwapani usipoe. Nilimfunika kanga yangu. Mzee wa kanisa akaomba sala fupi ya kufunga Sabato, akasema, "Sasa."

Kaka akachukua gitaa. Mwanzo ulikuja, ule wa chini chini, nikafumba macho. Ukapanda kidogo. Kidole cha pete kilipotakiwa kubana, uzi ukatoa mlio mfupi wa kukwama, basi. Akaanza upya. Ukakwama pale pale. Mara ya tatu akajaribu kupeleka kidole kidogo mahali pa kile, hakikufika. Kitambaa kilikuwa kimelowa.

"Basi," kaka akasema. "Kimechoka. Hata kesho hakitabana."

Watu wakaaga mmoja mmoja. Tulipobaki wawili nikamuuliza, nikiwa nalia bila kujificha, "Jana mbona hukuniambia kwamba muda ulikuwa bado upo?"

"Ulishuka kwenye pikipiki umeshika kiuno," akasema. "Nikaona umechoka, mdogo wangu. Nikasema apumzike, kesho ipo."

Sikuweza kukaa pale. Nikaingia jikoni kwa wifi yangu. Wifi ni mtu mwema, lakini muziki si kitu chake. Ndiye mtu pekee ninayemjua anayepunguza redio ili asikie sufuria ikichemka. Alikuwa anakoleza moto. Akanisogezea kigoda, akaniacha nilie nitosheke.

"Jana mchana aliupiga wote," akasema baadaye, macho kwenye moto. "Alikuwa anajaribu, anakungoja ufike. Mwanzo mpaka mwisho, na kidole hakikumsumbua."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwa hapa hapa, nachagua maharage."

Nikamshika mkono. "Ulikuwaje, wifi? Niambie."

Akafikiri. Nilimwona anatafuta kwa moyo wote kitu cha kunipa.

"Mzuri," akasema. "Mrefu kidogo."