Alama za Meno kwenye Nguzo ya Lango

Watu wanadhani dubu anazunguka msituni kutafuta asali. Wapi. Mwezi wa sita, mvua ikishika, anakula miti. Anang'ata gome chini kwenye shina, analivuta juu kama anayemvua mtu koti, halafu anakwangua utomvu kwa meno ya chini, taratibu, macho nusu yamefumbwa. Na hachagui mti mnyonge. Anataka uliopaliliwa, uliopogolewa, ulionenepa.

Bibi Tokie Urashita anajua hayo, ndiyo maana kila mwaka anafunga mikanda ya plastiki kwenye mierezi yake. Yote isipokuwa miwili. Hiyo marehemu mumewe aliiahidi hekalu, iwe nguzo za lango jipya, kwa hiyo imevishwa kamba ya majani ya mpunga yenye vikaratasi vyeupe. Plastiki pamoja na kamba ya mungu? Kijijini kwetu nani angethubutu.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito hadi miti ikawa kama inaelea. Tokie akakuta mmoja wa ile miwili uko uchi, kuanzia chini hadi usawa wa kifua, mweupe, unang'aa maji. Kamba iko palepale juu, haijaguswa. Anasema harufu ilikuwa tamu hadi akasahau kukasirika. Aliweka kiganja kwenye ule unyevu.

Akamwita Kuwabata, mwenyekiti wa kamati ya hekalu, rafiki wa mumewe tangu utoto.

"Shemeji, huyu dubu wako hana dini."

"Anayo. Amekula palipobarikiwa."

Kuwabata akacheka, kisha akapoa. Tokie alitaka ukatwe mara moja; yeye akasema mti haukatwi wakati wa mvua, tangu enzi za babu zao wanangoja baridi ikaribie, maji ya shina yapungue. Tokie akamjibu kwamba wakingoja, uozo utaingia kwenye kidonda, na nguzo moja haisimamishi lango.

"Kateni kesho," akasema. "Lawama nibebesheni mimi."

Wakaukata. Wakaulaza na matawi yake yote, kichwa kikielekea juu mlimani, ili majani yanyonye maji yaliyobaki kwenye shina. Ule wa pili Tokie aliufunga plastiki siku hiyohiyo, chini ya kamba, bila kumuuliza mtu.

Akawa anapanda kila mara kukaa kando ya ule uliolala. Anasema ukinyamaza unausikia unakunywa. Mimi nilikaa, sikusikia kitu, ila nilisinzia nikaota nina kiu.

Baridi ilipokaribia, majani yakawa na rangi ya kutu. Ule wa pili nao ukakatwa. Kuwabata akagonga shina la kwanza, likalia kavu, zima. Tatizo likabaki mistari ya meno: ukiipiga randa, nguzo inakonda kuliko mwenzake. Kamati ikabishana wee. Tokie akawaambia waiache, wageuzie upande huo mlimani, anakotokea aliyeichora.

Lango limesimama. Ukipita hapo, vidole vinaenda vyenyewe kwenye ile mistari.